Uzio Wetu Haukufa



Tunasema leo juu ya uzio wa malupango yetu. Mtacheka kwamba makarani wameacha vitabu vya hesabu kuhubiri vichaka. Chekeni, lakini ndugu akienda Mongbwalu kutafuta dhahabu miezi sita, mpaka wa lupango lake unalindwa na nini? Kesi za mipaka tunazijua wote.

Wengi wetu tumezungusha nyumba kwa lantana. Huyo ni mgeni kutoka Amerika: ndege humwaga mbegu zake kila mahali, na mbuzi au ng'ombe akila majani yake huharibika ini. Kumbe upo mti wa Afrika yetu, ambao Wanyarwanda huuita umuravumba, na wataalamu Tetradenia riparia. Ni mfupi, mara nyingi mita 1 hadi 3. Majani yake hunata vidoleni na kunukia sana.

Mvua zikirudi mwezi wa tatu, kateni vijiti vilivyokomaa, urefu wa shibiri mbili. Simikeni nusu udongoni, penye jua, kila hatua moja kijiti. Pasiwe mahali panapotuama maji, kwani mizizi itaoza.

Sasa sikieni jambo lenyewe. Kiangazi cha Desemba na Januari mti huu huangusha majani, unabaki fimbo tupu. Hapo watu husema umekufa, wanaung'oa na kuutia mekoni, na mpaka umekwenda! Haukufa. Kwaruzeni gome kwa ukucha. Mkiona kijani, uacheni. Hutoa maua yake madogo, meupe au ya zambarau hafifu, juu ya fimbo hizo hizo tupu, na nyuki huja. Maua yakiisha, ndipo mkate matawi nusu, ili uchipue mnene kutoka chini. Usiokatwa hurefuka na kuacha miguu wazi, hauzuii hata kuku.

Tena neno la dawa. Huko Rwanda waganga huutumia kwa kikohozi na homa, na tangu miaka ya 1980 wataalamu wamepata katika majani kitu kinachoua vijidudu maabarani. Lakini maabara si mwili wa mtoto. Mtoto akiwaka homa, kimbieni kituo cha afya, msingoje majani.

Vijiti mtakavyokata baada ya maua, msivitupe. Mpeni jirani wa ng'ambo ya mpaka, avisimike pamoja nanyi, mstari mmoja, mkiwapo wote wawili.