Tamthilia ya Ramadhani: Tupime Wazo Kabla ya Kukodi Kamera

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waumini baada ya Swala ya Alasiri)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Vijana wetu wameleta ombi mbele ya jamaa ya msikiti. Wanataka kutengeneza tamthilia ya televisheni ya sehemu 30, ionyeshwe usiku baada ya futari katika mwezi wa Ramadhani, na wanaomba waumini wachangie gharama. Wameleta mawazo matatu: kisa cha Maswahaba, kisa cha majini na uchawi, na kisa cha nyumba ya mirathi. Nimetakiwa niyatie mawazo hayo katika mizani. Nitaanza na hukumu, kisha nitaje mizani yenyewe, kisha tupime.

Je, jambo hili lina msingi?

Wanavyuoni wamehitilafiana. Wapo walioliharamisha igizo moja kwa moja, na Sheikh Bakr Abu Zayd, aliyefariki mwaka 2008, aliandika kitabu kizima juu ya hilo. Hoja yao nzito ni kwamba igizo ni kusema lisilokuwepo, na Mtume (S.A.W.) amemuonya vikali mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Wapo walioruhusu kwa masharti, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022. Hoja yao ni kwamba uongo ni kumhadaa msikilizaji, na anayejua kuwa anasimuliwa mfano hakuhadaiwa. Wanavyuoni wa lugha wamesomesha Maqamat za al-Hariri kwa karne nyingi, nazo ni visa vya kutungwa, wala hawakuambiwa kuwa wanasomesha uongo.

Mimi naelemea kauli ya pili, na namheshimu anayeshika ya kwanza. Lakini neno "masharti" lisipite kama mapambo. Anayeruhusu kwa masharti, masharti yakikosekana, naye anakuwa miongoni mwa wanaoharamisha.

Zaidi ya hayo, tusidanganyane kuhusu hali ya majumba yetu. Mwaka 2008 tamthilia ya Kituruki iliyoitwa Nur kwa Waarabu, ikiwa imetiwa sauti kwa lahaja ya Kishami, iliteka nchi za Kiarabu. Mufti wa Saudi Arabia wa wakati huo aliionya Umma dhidi yake mwezi Julai, na mwishoni mwa Agosti sehemu ya mwisho ikatazamwa na mamilioni. Kisha ikaja tamthilia ya kasri la Sultan Suleiman, iliyoonyeshwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014. Huko kwao Waislamu wengi waliilalamikia kwa kumchora mtawala wa Kiislamu kana kwamba umri wake wote aliumalizia katika nyumba ya wanawake. Sisi tuliipokea kwa jina la Sultan, kwa sauti za Kiswahili, na watoto wetu wakazijua fitna za kasri lile kabla ya kuzijua sera za Makhalifa wanne. Makatazo yalikuwa haki, lakini hayakutosha. Aliyekatazwa chakula kibaya na asipewe kizuri hurudi jikoni usiku.

Mizani nne

Mizani ya kwanza: moyo wa mtazamaji unakaa wapi? Waandishi wengi hudhani tamthilia ikimalizika kwa toba basi imekuwa ya Kiislamu. Tufanye hesabu. Kijana akionyeshwa usiku 29 jinsi mzinzi anavyoishi kwa raha, gari lake, manukato yake na kicheko chake, kisha usiku wa 30 mzinzi yule akalia msikitini, huyo kijana amefundishwa nini? Amefundishwa zinaa mara 29 na toba mara moja.

Tazameni Suratu Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja kuwa ni katika simulizi bora kabisa. Ndani yake mna jaribio la zinaa. Milango inafungwa, mwito unatolewa, na nguo inachanwa. Lakini msikilizaji hapewi nafasi ya kuonja maasi yale. Macho yake yanaelekezwa kwa kijana anayekimbilia mlangoni. Kwa hiyo kusimulia dhambi si dhambi kwa kila hali. Swali ni simulizi inamfanya msikilizaji atamani nini.

Mizani ya pili: je, kisa kina kimo cha sehemu 30? Kuna mawazo yanayofaa kuwa mawaidha ya dakika kumi, na ukiyanyoosha kuwa sehemu 30 yanakatika. Hapo ndipo mwandishi hujaza pengo kwa vibao, mayowe na watu kuzimia hospitalini. Wazo lenye kimo ni lile ambalo tatizo lake moja huzaa mengine bila kulazimishwa.

Mizani ya tatu: nani ndani ya kisa anachagua? Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametusimulia habari za watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbalanga, mwenye upara na kipofu. Malaika alimwendea kila mmoja, akaponywa, akapewa mnyama mmoja mwenye mimba, na mali ikazaana. Kisha malaika akarejea kwa sura ya maskini msafiri, akiomba. Wawili walikanusha kuwa waliwahi kuwa mafukara. Kipofu akakumbuka hali yake ya zamani, akamwambia achukue atakacho. Ndugu zangu, kila kitu cha tamthilia kimo humo: neema moja, mtihani mmoja, na watu watatu wasiojibu sawa. Hakuna mhubiri anayesimama katikati ya kisa kutueleza maana yake. Tunaijua kwa walichokichagua.

Jambo hili wamelifahamu hata wasiokuwa sisi. Huko Meksiko, mwaka 1975, mtu aitwaye Miguel Sabido alitengeneza tamthilia ya kuhimiza watu wazima wajifunze kusoma. Utaratibu wake ni wa wahusika wa aina tatu: anayeshika jema, anayeshika baya, na aliye katikati anayeyumba. Mtazamaji hujifunza zaidi kwa huyu wa katikati, kwa sababu ndiye anayefanana naye. Utaratibu huo ulitumika hapa Tanzania katika mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Wazee hapa wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mpenda wanawake, na mkewe Tunu. Yapo katika mchezo ule tusiyoafikiana nayo. Lakini tazameni walivyojipima: eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo, ili walinganishe waliosikiliza na wasiosikiliza. Na sisi, ambao amali zetu tutaulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu, tunatosheka kuuliza, "Imependeza?"

Mizani ya nne: njia ya kulitengeneza wazo ni safi? Kuzuia uharibifu hutangulia kuleta manufaa. Wazo linalolazimu mwanamume na mwanamke wasio maharimu washikane, au wakeshe faragha wakipiga picha, limeanguka hata kama maneno yake ni matamu. Na mwandishi hodari halihitaji. Mapenzi ya mke na mume huonekana katika sahani ya chakula iliyofunikwa ikimsubiri mtu aliyechelewa.

Wazo la kwanza: Maswahaba

Nia yake ni njema bila shaka. Lakini mtangulizi wake yupo. Tamthilia ya Omar, iliyoandikwa na Walid Saif na kuongozwa na Hatem Ali, ilionyeshwa Ramadhani ya mwaka 1433, yaani 2012. Nyuma yake walikuwepo MBC na televisheni ya Qatar kwa fedha zao, na wanavyuoni waliokagua mswada, akiwemo Sheikh al-Qaradawi. Juu ya yote hayo, Al-Azhar ilipinga Maswahaba wakubwa kuigizwa, na mzozo ukawa mrefu. Ikiwa hao wenye maktaba na hazina wameingia katika mzozo, sisi wenye kamera ya kukodi tutamvika nani kilemba cha Swahaba? Na kesho kijana huyo akikosea mtaani, watoto watasema nini? Wazo hili liachwe.

Wazo la pili: majini na uchawi

Vijana wametetea wazo hili kwa kusema kuwa watu wanalipenda. Hiyo ni kweli, na ndiyo hatari yake. Sisi tunaamini kuwepo kwa majini kwa nassi ya Qur'ani. Lakini katika mswada huu kila ugonjwa una jini, kila jini lina aliyelituma, na aliyelituma daima ni jirani au mama mkwe. Shujaa ni mtu wa kanzu na kilemba anayelifunga jini katika chupa kwa malipo. Mtazamaji atatoka na khofu ya jirani yake kuliko khofu ya Mola wake. Nasi tuko katika nchi ambayo bibi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Haijuzu msikiti uchangie kuni za moto huo. Nalo liachwe.

Wazo la tatu: nyumba ya mirathi

Hili ndilo nililoliona lina uhai. Mzee amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume, mabinti watatu, na nyumba moja yenye vyumba vya kupangisha. Hesabu yake katika Suratu An-Nisaa, aya ya 11 na 12, ni nyepesi hata kwa mtoto wa madrasa. Mke anapata thumni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili ya mwanamke. Kwa hiyo nyumba ina mafungu 8: mama 1, kila kaka 2, kila dada 1.

Hesabu inamalizika kwa pumzi moja, lakini nyumba haikatwi vipande vinane kwa shoka. Iuzwe? Mama atakwenda wapi? Mmoja awanunue wenziwe? Kwa bei ya nani? Deni la marehemu lilipwe kwanza, nani analijua? Wasia umeandikwa, lakini umevuka theluthi. Kila swali ni sehemu nzima, na hapo kimo cha sehemu 30 kinapatikana bila mayowe.

Hata hivyo mswada una kasoro mbili. Kwanza, kaka mkubwa aliyeshika hati na kukusanya kodi wamemfanya mlevi na mwizi. Hiyo ni rahisi mno. Mtazamaji atasema, "Huyo si mimi." Mfanyeni awe mtu wa safu ya kwanza, aliyenunua majamvi ya msikiti, anayemwambia dada yake kwa upole, "Mdogo wangu, wewe umeolewa, una mume wa kukulisha, subiri kwanza." Mwaka wa kwanza anaambiwa asubiri, na mwaka wa kumi anaambiwa asubiri. Aliye katikati awe ndugu mdogo wa kiume, anayejua kuwa ni dhulma lakini kila mwezi anapokea bahasha yake ya kodi na kunyamaza. Yeye ndiye atakayechagua, na watazamaji watachagua pamoja naye.

Pili, katika sehemu ya 30 kaka mkubwa anagongwa na gari. Liondoeni hilo gari. Wapo wadhulumu wanaokufa vitandani mwao, wamezungukwa na wajukuu. Tukiwafundisha watu kwamba dhulma hulipwa hapa hapa kwa ajali, siku wasipoiona ajali watadhani hesabu imefutwa. Kisa kimalizike kwa haki kufika mkononi mwa mwenyewe, au kwa ndugu mdogo kuisema kweli mbele ya kaka yake na kuirudisha bahasha.

Nimesikia mzee mmoja akisema kuwa kisa hiki kitawaaibisha Waislamu mbele ya wengine. Shaka yake ina heshima yake. Lakini Qur'ani imetusimulia watoto wa Nabii Yaaqub (A.S.) wakimtupa ndugu yao kisimani, wala haikuwasitiri kwa sababu ni nyumba ya Mtume. Kinachotuaibisha si kisa. Aibu ni kwamba wamo mabinti katika mitaa yetu waliokula njaa huku fungu lao likilipa karo za watoto wa kaka zao. Wengine wameketi nyuma ya pazia lile wakitusikiliza sasa hivi.

Tufanye nini?

Napendekeza mambo manne. Kwanza, waandike kisa chote katika ukurasa mmoja; kisichoingia katika ukurasa mmoja hakijaeleweka na mwenyewe. Pili, waandike sehemu tatu za mwanzo na kumpelekea mjuzi wa mirathi azikague. Tatu, wazisome mbele ya mama zetu, wajane na vijana, kila kundi peke yake, na wasiulize kama wamependa. Waulize: "Ulimuonea nani huruma? Ungekuwa ndugu mdogo ungefanya nini?" Jibu likiwa tofauti na walilolikusudia, waandike upya. Nne, baada ya hapo tu ndipo kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe, na mchango upitishwe.

Gharama ya kalamu na karatasi ni ndogo, na kosa lililomo katika karatasi hufutwa. Likishaingia majumbani kwa usiku 30, nani atalifuta?

Na kabla ya yote, kila mmoja wetu anayeishi katika nyumba ya marehemu baba yake aende leo akahesabu mafungu yake. Asisubiri Ramadhani aonyeshwe sura yake katika kioo cha televisheni.

Namuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.