Jina la Fundi

Mwaka 2019 niliingia makumbusho ya Victoria and Albert, London, kutazama magauni ya Christian Dior. Taa zilikuwa hafifu, maana mwanga hula rangi ya kitambaa.

Nililiona gauni la Princess Margaret la kutimiza miaka 21, mwaka 1951. Nikaona na koti jeupe la kiuno chembamba na sketi yake nyeusi pana, mtindo ambao Dior aliuzindua Paris Februari 1947. Wakati huo Waingereza walikuwa bado wakinunua nguo kwa kuponi, mgao uliodumu hadi 1949. Sketi moja kumeza mita zote zile kuliwaudhi wengi.

Mbunifu tunamjua, mvaaji tunamjua. Aliyeshona je? Karakana ya Dior ilijaa mafundi, wengi wao wanawake, walioinamia sindano ya mkono saa nyingi. Majina yao nani anayataja?

Tusiwacheke wa Paris. Yule aliyekushonea gauni la harusi, unamjua kwa jina, au ni "fundi" tu? Liandike nyuma ya picha. Nguo huchakaa, jina lililoandikwa hubaki.

Hadi juma lijalo, kwaherini.