Ngoma za Bahia: Somo Lisilo na Darasa



Leo nazungumzia Candomblé, dini ya Wabrazili wenye asili ya Afrika, hasa katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia. Sikuja kumhubiria mtu. Itikadi yao ni yao. Ninachotaka tukitazame ni namna wanavyorithishana muziki wao.

Nyumba yao ya ibada huitwa terreiro. Mna ngoma tatu: rum ndiyo kubwa, rumpi ya kati, na lé ndogo, pamoja na kengele ya chuma inayoshika mwendo. Mkuu wa wapigaji, alabê, hafundishi kwa ubao wala daftari. Mtoto hukaa kando ya ngoma, akasikiliza, akatazama mikono ya wakubwa, akaitikia nyimbo. Kwa kawaida huanza kupewa kengele. Akiimudu hupanda kwenye lé, kisha rumpi. Rum huja mwisho, kwani ndiyo inayosemezana na mchezaji, na anayeipiga lazima ajue kila wimbo na mahala pake. Akikosea hupata jicho kali kabla ya maelezo.

Msidhani walikuwa na raha. Utumwa Brazil ulifutwa mwaka 1888, lakini hata baada ya hapo polisi walivamia nyumba hizi na kuchukua ngoma. Bahia, hadi mwaka 1976, terreiro ilibidi ijiandikishe polisi. Hata hivyo nyimbo za Kiyoruba zipo mpaka leo. Na katika nyumba za Candomblé ya Angola, zenye asili ya Kibantu, yamebaki maneno ya Kikongo na Kimbundu, na ngoma bado inaitwa ngoma!

Lakini tusijidanganye. Wengi wanaoimba Kiyoruba pale hawawezi kukizungumza sokoni. Kilichosalia ni kile kilichokuwa na kazi, na watoto wakapewa sehemu yao. Lugha ya nyumbani, isiyopewa kazi, ilikufa.

Sisi tulioko ughaibuni tunalalamika kuwa watoto hawajui Kiswahili. Lakini kwenye shughuli zetu wakubwa huzungumza sebuleni, watoto wakapelekwa chumbani kwenye televisheni. Kisha twawalaumu! Je, sisi wetu tumewapa kengele gani washike?