Baba, Mwana na Bastola

Juma hili nazungumzia sinema ya Road to Perdition, iliyotolewa Marekani mwaka 2002. Ni kisa cha mwaka 1931. Michael Sullivan ni muuaji wa genge. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 12, anajificha garini na kuiona kazi ya baba yake. Kwa hofu ya siri kuvuja, mwana wa mkuu wa genge anawaua mama na mdogo wa mtoto huyo. Baba na mwana wanakimbia, risasi zinarindima.

Watazamaji wengi husifu risasi hizo. Mimi nasifu ile isiyopigwa: mwishoni mtoto anamwelekezea bastola mtu aliyempiga baba yake, lakini hafyatui.

Nasema haya nikiifikiria Didia, mkoani Shinyanga. Usukumani, Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwakabili wezi wa ng'ombe. Yowe likipigwa, wanaume hutoka na silaha, na vijana hufuata nyuma. Kulinda mali si kosa. Lakini mkoa huohuo umezika vikongwe waliokatwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi, eti kwa sababu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni moshi wa jikoni tu.

Mtoto aliyemwona baba yake katika umati wa namna hiyo amejifunza nini? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzee mwenzangu, mshukiwa akikamatwa, mpelekeni polisi angali hai. Mwanao anatazama.