Vitabu Tulivyovisoma Lac Vert

Tumeombwa tuseme machache juu ya vitabu ambavyo kikundi chetu cha akina mama kimekuwa kikisoma: vitabu vya wanawake walioanza maisha upya baada ya kupoteza kila kitu. Sisi si walimu. Wengi wetu tuliacha masomo shule ya msingi, na wengine hawakukaa darasani hata siku moja. Kwa hiyo mtusikilize kama wasomaji tu.

Tulianza wakati wa kambi. Mmoja wetu anajua Kifaransa na Kiingereza kidogo. Yeye alikuwa anasoma ukurasa, kisha anausema kwa Kiswahili, na sisi tunachambua maharagwe au kusuka nywele za watoto. Mvua ikipiga juu ya shitingi tulinyamaza, maana hatukusikia neno. Mei 3, 2024, mabomu yalipoanguka katika kambi za huku Lac Vert na Mugunga na kuua watu, wengi wao akina mama na watoto, tulikaa muda mrefu bila kusoma. Mwezi wa pili wa 2025 kambi zikabomolewa. Wengine wakarudi vijijini, wengine tukabaki tukikodi chumba hapa juu ya mawe ya volkano. Vitabu vilihama pamoja nasi, vimefungwa ndani ya vitenge.

Lililotuchosha kwanza ni hili: vitabu vingi vya namna hii vinaanzia mwisho. Unafungua, unakuta picha ya mama amevaa vizuri, ameshapata zawadi kubwa, anakaa Ulaya au Marekani. Tunafurahi kwa ajili yake. Lakini sisi tulitaka kujua alikula nini wiki ya kwanza, nani alimpa sufuria, na watoto walilala wapi. Kitabu kisichosema hayo tulikirudisha upesi.

Vilivyotushika sana ni viwili, na vyote ni vya wanawake wa Rwanda. Hapo ndipo karibu tugawanyike.

Cha kwanza ni cha Immaculée Ilibagiza, kilichotoka mwaka 2006 kwa jina Left to Tell. Kwao ni Mataba, upande wa Kibuye, ng'ambo ya ziwa hili hili la Kivu tunalochota maji. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwaka 1994, alijificha siku 91 ndani ya chumba kidogo cha choo, nyumbani kwa mchungaji mmoja, pamoja na wanawake wengine saba. Karibu jamaa yake yote waliuawa. Humo ndani, bila nafasi hata ya kunyoosha miguu, akaomba kamusi na kujifunza Kiingereza, kwa sababu alisema akitoka atahitaji kazi. Mama mmoja wetu alisema: huyu alianza kujenga kabla hajatoka. Neno hilo tulilirudia mara nyingi.

Mwishoni anakwenda gerezani kumwona mtu aliyehusika na mauaji ya ndugu zake, na anamsamehe. Hapo hatukukubaliana. Wengine walilia na kusema Mungu asifiwe. Wengine walikasirika, wakasema msamaha huu ni wa haraka, na watu wakisoma watatudai na sisi tusamehe kesho asubuhi. Kwa maoni yetu kitabu hakimlazimishi mtu. Anasema lililomtokea yeye. Wanaolazimisha ni wale wanaokitumia kuhubiri.

Cha pili ni cha Marie Béatrice Umutesi, Fuir ou mourir au Zaïre, cha mwaka 2000. Huyu alikuwa mkimbizi Mhutu. Kabla ya vita alikuwa akifanya kazi na vyama vya akina mama wa vijijini. Mwaka 1994 alivuka kuingia Zaire, akaishi katika kambi za Kivu ya Kusini. Kambi ziliposhambuliwa mwaka 1996, alikimbia kwa miguu kupitia msitu, akapita Tingi-Tingi, mpaka Mbandaka. Ni kama kilomita 2000, akiwa na watoto ambao hakuwazaa yeye. Wazee wa hapa wanakumbuka kambi ya Mugunga ya miaka ile, kipindupindu cha 1994, na watu waliolala hadi kando ya barabara ya Sake. Kwa hiyo kitabu hiki hakikuwa habari ya mbali.

Tulipofika katikati, mama mmoja alisimama akasema hatasikiliza machozi ya watu wale, maana waliokuja na wakimbizi ndio waliowaua ndugu zake. Mwingine akajibu kwamba basi na cha kwanza tusingekisoma. Maneno yakapanda. Wiki mbili hatukukutana. Tunawaambia hili kwa sababu viongozi mpo, na mnajua kikundi huvunjika namna hiyo hiyo: si kwa bunduki, ni kwa mtu kuulizwa kwa nini analia.

Aliyeturudisha ni bibi mmoja ambaye hajui kusoma. Alikuja na swali moja: yule mama wa msituni, viatu vyake viliishia wapi? Alitaka tuendelee asikie. Tukakaa, tukasoma juu ya miguu iliyovimba, juu ya njaa, juu ya kumwacha nyuma mtu asiyeweza tena kutembea. Yule aliyekuwa amekataa akaanza kueleza alivyobeba mtoto kutoka Kitshanga hadi Sake. Hatukuweka mizani. Mauaji ya kimbari ni mauaji ya kimbari, na hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kuyapunguza. Wakimbizi waliouawa msituni nao waliuawa. Tulijiwekea sharti moja tu: mtu akisema uchungu wake, usimjibu kwa uchungu wako siku hiyo. Ngoja wiki ijayo. Sharti hilo halimo katika kitabu chochote, lakini bila vitabu viwili hivyo tusingelipata.

Baada ya hapo tulisoma vingine kwa raha zaidi. Kitabu cha Leymah Gbowee wa Liberia, kinachoitwa kwa Kifaransa Notre force est infinie, kilituchekesha na kutuuma. Anasimulia jinsi wanawake Wakristo na Waislamu walivyovaa nyeupe mwaka 2003 na kukaa kwenye jua karibu na soko la samaki huko Monrovia, kisha wakaenda Accra na kuwazuia wakubwa wasitoke katika ukumbi wa mazungumzo. Mkataba ukatiwa sahihi mwezi wa nane mwaka huo. Baba zetu hapa walipenda sehemu hiyo. Sisi tulipenda zaidi anapokiri kwamba alipigwa na mwanamume aliyeishi naye, kwamba baadaye pombe ilimshinda, na kwamba watoto wake walilelewa na dada yake wakati yeye anahangaikia amani. Mama anayejengwa upya katika ripoti za miradi hana kasoro. Huyu anazo, ndiyo maana tulimwamini.

Wangari Maathai wa Kenya naye, katika Unbowed. Mumewe alipomwacha alimtaka aache kutumia jina lake, basi yeye akaongeza herufi moja, Mathai likawa Maathai. Tulicheka sana. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na kazi hakurudishiwa. Akabaki na miche ya miti. Wanawake wa vijijini walilipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Angalieni: ulioshika, si uliopandwa. Miradi mingi inayokuja kwetu inahesabu kilichogawanywa, kisha gari linaondoka.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta mbele yenu. Kati ya vyote, kimoja tu kiliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo: Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, ya mwaka 1976. Ni hadithi ya kubuni, lakini mama mmoja aliuliza kama mwandishi aliwahi kufika Masisi. Rehema anakataliwa kwao, mji unamtupa huku na huku, halafu anampata mwanamume mwema, wanafyeka pori na kuligeuza shamba. Shamba linapokuwa shamba, baba yake anakufa, na warithi wanakuja kulidai. Tuliposoma hapo hakuna aliyecheka. Wajane watatu wa kikundi chetu waliorudi kijijini baada ya kambi kubomolewa walikuta shamba limeshalimwa na shemeji au na mtu mgeni, wakaambiwa mwanamke hana neno juu ya ardhi.

Viongozi wetu, Kanuni ya Familia ya nchi yetu ya 1987 inawapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya kurithi, na inamruhusu mjane kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Marekebisho ya 2016 yaliondoa sharti la mwanamke aliyeolewa kuomba ruhusa ya mumewe ili afanye mambo ya kisheria. Hatuwaombi mtunge sheria mpya. Tunaomba mjane anapokuja mbele yenu na kesi ya shamba, asikilizwe yeye mwenyewe kwa mdomo wake, si shemeji peke yake. Na mkimaliza, maamuzi yaandikwe, nakala moja abaki nayo yeye.

Jumamosi tunaanza upya Nyota ya Rehema kwa ajili ya wageni. Nakala ni moja na kurasa za mwisho zimelowa, lakini zinasomeka. Wanaume nao wakaribie, maharagwe ya kuchambua ni mengi.