Kibao Kilichojificha Bombani

Msikilizaji, ukiinua macho darini kwenye hoteli au jengo la ofisi, huenda ukaona vinyunyizio vyenye kichupa chekundu cha kioo. Joto likifika nyuzi 68, kichupa hupasuka na maji yaliyojaa bombani yakamwagika. Hufunguka kile kilichopata joto tu; dari nzima kumwaga mvua kwa mpigo ni mambo ya sinema.

Sasa, moto ukizuka usiku wa manane, nani atajua? Ndani ya bomba kuu kuna kibao chembamba cha plastiki kilichoungwa na swichi. Maji yakitulia, nacho hutulia. Yakianza kwenda, husukumwa, king'ora kikalia. Lakini pampu nayo huweza kuyashtua maji pasipo moto, ndiyo maana swichi huwekewa muda wa kusubiri, mara nyingi sekunde 30 hadi 60. Viwango vya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, haviruhusu muda huo uzidi sekunde 90.

Fundi anayekagua afungue valvu ya majaribio, maji yatiririke kweli. Kuibonyeza swichi kwa kidole na kusaini daftari ni kujidanganya: kibao huenda kilishavunjika zamani. Mwenye jengo, omba kuwepo siku hiyo, na saa mkononi, uhesabu sekunde hadi king'ora kilie.