Fidia ya Ulemavu Kazini: Taarifa Itolewe Mapema

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya katika mkutano wa wakazi na waajiri wadogo wa kata zenye viwanda vya mbao na mashamba ya chai. Yanachapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mkono ukikatwa na msumeno, jambo la kwanza ni kuuokoa uhai, na katika hilo wakazi wa wilaya hii hawana upungufu. Majirani hukimbia, gari hupatikana, damu huchangwa. Upungufu huonekana baada ya majuma mawili, pale mgonjwa anaporudi nyumbani na kukuta kwamba hakuna mtu aliyeandika popote kuwa ajali ilitokea, ilitokea lini, na ilitokea akiwa anafanya kazi ya nani.

Chukueni mfano wa kijana anayepasua mbao kwa ujira wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Anapoteza vidole vya mkono wa kulia. Mwajiri wake ni mtu mwema: anagharamia dawa, anamfikia nyumbani na kilo za sukari, anamkabidhi mkewe bahasha, na kijana akipona anampa kazi ya ulinzi wa usiku. Pande zote mbili zinaridhika. Mwezi wa kumi na nne kiwanda kinafungwa, lindo linakwisha, na kijana anasimama barabarani akiwa na mkono mmoja unaofaa kwa kazi. Hapo ndipo anaposikia kwamba kuna Mfuko uliokuwa umlipe. Wema wa mwajiri yule haukuwa na hila. Lakini ulichukua nafasi ya haki, na wema hauna pensheni.

Mfuko unaozungumzwa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Kabla ya hapo sheria ya zamani iliweka kikomo cha fidia ya ulemavu wa kudumu kuwa shilingi 108,000, fedha ambazo miaka ya mwisho hazikutosha hata nauli na malazi ya kufuatilia madai yenyewe. Huenda ndiyo sababu wazee wengi bado huwaambia vijana kwamba kudai fidia ni kujisumbua. Ushauri huo ulikuwa wa kweli enzi zake. Leo unawapoteza watu.

Mfuko huu huchangiwa na mwajiri peke yake, na kwa sasa mchango wa sekta binafsi ni nusu ya asilimia moja ya jumla ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiona makato ya jina hilo kwenye hati yake ya mshahara, aulize. Wala si lazima awe na mkataba wa maandishi. Vibarua wa msimu wa chai wasijitoe wenyewe katika hesabu kwa kudhani kwamba fidia ni ya wenye ajira za kudumu.

Malipo yenyewe huenda kwa hatua, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Wakati mgonjwa yuko katika matibabu na hawezi kufanya kazi, huo ni ulemavu wa muda. Gharama za tiba hulipwa, naye hupokea asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Kwa kijana wa mfano wetu ni shilingi 210,000 kwa mwezi. Daktari akisharidhika kwamba hali haitabadilika tena, hufanyika tathmini ya ulemavu wa kudumu, na matokeo yake hutolewa kwa asilimia. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi asilimia 30, mhusika huingia katika pensheni ya kila mwezi: aliyepoteza uwezo wote hupata asilimia 70 ya mshahara, na wengine hupata kwa uwiano wa kiwango chao. Hivyo kijana wetu akipimwa na kuonekana ana ulemavu wa asilimia 40, pensheni yake ni shilingi 84,000 kila mwezi. Si utajiri. Ni ada, unga na mafuta ya taa, kila mwezi, bila kumpigia mtu magoti.

Tazameni jinsi hesabu hiyo inavyoutegemea mshahara. Mwajiri anayelipa 300,000 lakini kwenye vitabu akaandika 150,000 ili mchango wake uwe mdogo, anamkata mfanyakazi nusu ya pensheni yake hata kabla ajali haijatokea. Mfanyakazi anayefurahia kulipwa sehemu ya ujira wake "pembeni" anashiriki hasara hiyo bila kujua.

Sasa kuhusu muda. Mfanyakazi, au nduguye, amjulishe mwajiri mara moja. Mwajiri naye, tangu siku anayopata habari, ana siku 7 za kuufahamisha Mfuko. Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na kijana wa mwezi wa kumi na nne alikuwa amekwisha kuchelewa. Iwapo mwajiri hakujisajili, hilo ni kosa lake mbele ya sheria na lisimnyamazishe mfanyakazi: naye anaweza kupeleka taarifa moja kwa moja kwenye ofisi ya Mfuko, au kumwona Afisa Kazi wa mkoa. Huduma hii haina malipo. Vishoka wanaozunguka vijijini wakiahidi "kusukuma faili" kwa asilimia fulani ya fidia hawana faili lolote la kusukuma.

Jambo moja dogo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mgonjwa akifika zahanati au hospitali, aseme kwamba ameumia kazini, na ahakikishe neno hilo limeandikwa kwenye cheti chake. Wapo wanaosema "nimeanguka" ili wasimletee bosi matatizo, na mwaka mzima baadaye cheti hicho hicho ndicho kinachosomwa mezani dhidi yao. Atunze pia majina ya waliokuwapo, tarehe, na hati zozote za malipo, hata ujumbe wa simu wa mshahara.

Je, aliyepata ulemavu usiotokana na kazi? Dereva aliyepooza kwa kiharusi usiku akiwa amelala nyumbani kwake hana dai katika Mfuko wa Fidia. Mlango wake ni mfuko wa hifadhi ya jamii aliochangia: NSSF kwa sekta binafsi, PSSSF kwa watumishi wa umma. NSSF hutoa pensheni ya ulemavu kwa mwanachama ambaye hajafikia umri wa pensheni na amepoteza angalau theluthi mbili za uwezo wake wa kujipatia kipato, awe amechangia miezi 180, au walau miezi 36, ambapo 12 kati yake iwe karibu kabla ya ulemavu kutokea. Sharti hilo la mwisho huwaumiza walioacha kazi na kuacha kuchangia. Wanaohamia shughuli zao binafsi wajue kwamba wanaweza kuendelea kuchangia wenyewe.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mfuko wa Fidia, iwe kwa kukataliwa au kwa kupewa asilimia ndogo, asikubali shingo upande. Aombe kwa maandishi uamuzi upitiwe upya. Akishindwa hapo, anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Na kwa mlio na mgonjwa nyumbani leo, aliyeumia kazini miezi iliyopita na taarifa haijatolewa: miezi 12 inahesabiwa tangu siku ya ajali, si tangu siku ya mkutano huu. Njooni kesho asubuhi na cheti chake cha hospitali. Yeye mwenyewe abaki apumzike.